Mwongozo kamili: Kuyapanga na kuyachuja maelezo ya wateja kwenye programu ya bili

Tafuta neno "lipa" kwenye maelezo ya wateja wako. Programu itakuletea aliyelipa, ambaye hajalipa, aliyeahidi atalipa, aliyegoma kulipa, na yule anayesema keshalipa ila nyinyi hamuioni pesa yake. Wote kwenye orodha moja.

Karibu kila aliyeniomba msaada wa jambo hili alikuwa ameshajaribu filta, akapata orodha ndefu namna hiyo, akakata tamaa na kurudi kusoma mstari kwa mstari. Wengine walibadilisha programu kabisa, na baada ya miezi miwili wakawa pale pale.

Kosa haliko kwenye programu. Kiswahili kinabeba ukanushi ndani ya kitenzi: amelipa, hajalipa, hatalipa, hakulipa. Sisi tunaelewa mara moja, lakini mashine inaona herufi l, i, p, a. Ndiyo maana mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo moja: kila mstari wa maelezo uanze na msimbo mfupi usiobadilika, kisha maneno ya kawaida yafuate nyuma yake.

Mifano yangu inatoka kwenye ofisi ndogo za Dar es Salaam zinazouza intaneti ya majumbani. Anayekusanya ada za taka, maji ya kisima kwa mita au ada za shule atabadilisha misimbo miwili mitatu tu.

## Andaa hivi kwanza

- Ruhusa ya kupakua maelezo yote ya wateja kutoka kwenye programu, pamoja na namba ya akaunti, tarehe ya kuandikwa na jina la aliyeandika.
- Kompyuta yenye Excel au LibreOffice Calc. Fomula nilizotumia humu zinafanya kazi kote kuwili, ila kwenye LibreOffice alama ya ! baada ya jina la karatasi iwe nukta.
- Diski ya nje au flashi ya kuhifadhia nakala.
- Daftari na kalamu. Usiruke hili, utaona sababu yake kwenye hatua ya 2.
- Watu wawili wanaopokea simu za wateja kila siku. Ukitunga misimbo peke yako ofisini kwa meneja, haitatumika.
- Siku mbili tulivu. Usianze kati ya tarehe 25 na tarehe 5, kipindi ambacho mishahara inaingia, simu haziishi na kaunta imejaa.

## Hatua ya 1: Toa nakala usiyoigusa

Pakua maelezo yote kama faili la CSV, yaani faili la maandishi ambalo safu zake zinatenganishwa kwa mikato. Lipe jina lenye tarehe, kwa mfano maelezo-asili-2026-02-10, lihifadhi kwenye diski ya nje, kisha tengeneza kopi nyingine ya kufanyia kazi.

Maelezo ya zamani ni ushahidi. Mteja akija kudai kwamba aliahidiwa punguzo mwezi wa nane, utayahitaji yale maneno ya siku ile, yakiwa na makosa yake yote ya herufi. Kwa hiyo usisahihishe maelezo asili ndani ya programu, hata kama yanakuudhi. Kila marekebisho yawe kwenye safu mpya au mstari mpya.

Faili usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Excel itafuta sifuri za mwanzo kwenye namba za simu, na namba ya muamala yenye tarakimu 12 au zaidi itageuka kuwa kitu kama 1.23E+11. Zikizidi 15, tarakimu za mwisho zinabadilishwa kuwa sifuri na hazirudi tena. Badala yake nenda menyu ya Data, chagua kuingiza kutoka faili la maandishi, kisha safu za akaunti, simu na maelezo uzitangaze kuwa maandishi, si namba.

Hatua hii imekamilika pale ambapo idadi ya mistari kwenye Excel inalingana na idadi inayoonyeshwa na programu, na simu zote bado zina sifuri ya mwanzo. Idadi ikizidi, kuna mtu aliyekuwa anabonyeza Enter katikati ya maelezo, na mstari mmoja umevunjika ukawa miwili. Itafute na uiunganishe sasa hivi, kabla hujaenda mbele.

## Hatua ya 2: Soma mistari 300 kwa macho yako

Hapa ndipo watu wanaporuka, na ndipo misimbo mibovu inapozaliwa. Usikae ukafikiri wateja huwa wanasema nini. Soma walichosema.

Weka safu yenye fomula =RAND(), panga faili zima kwa safu hiyo, kisha chukua mistari 300 ya juu. Ukichukua ya mwezi huu peke yake utadhani kila mteja analalamikia jambo moja, kwa sababu labda mwezi huu mtambo ulikuwa na hitilafu.

Kwenye daftari, kila ukisoma mstari, uweke kwenye fungu: "ahadi", "hapatikani", "pesa haijaonekana". Piga vijiti vinne na mkato kama tunavyohesabu magoli ya mchangani. Fungu jipya likijitokeza, liongeze. Yakifika 15, anza kuyaunganisha.

Wakati huo huo, upande wa kulia wa daftari, andika namna tofauti ambazo jambo moja limeandikwa. Nilipofanya hivi mara ya kwanza, mtu aliyelipa nilimkuta kama "amelipa", "kalipa", "keshalipa", "ashalipa", "ameripa", "katuma", "kaweka" na "tayari". Kulikuwa pia na "xaxa" kwa maana ya sasa na "cjui" kwa maana ya sijui, kwa kuwa aliyeandika ni kijana mwenye kasi ya kuchati. Sikumlaumu. Hakuna aliyewahi kumpa utaratibu wa kufuata.

Ukimaliza unatakiwa kuwa na mafungu 8 hadi 12, na fungu la "mengineyo" liwe dogo kuliko moja ya kumi ya mistari yote. Likiwa kubwa, kuna fungu bado hujalitambua.

## Hatua ya 3: Tunga misimbo

Kila fungu lipe herufi tatu kubwa zenye alama ya # mbele. Hii ndiyo orodha ninayoanzia mimi:

#AHD: mteja ameahidi kulipa
#SBR: ofisi imekubali kusubiri, asikatiwe
#MLP: anasema ametuma pesa, kwetu haijaonekana
#PNG: anapinga kiasi cha bili
#HPT: hapatikani au hapokei simu
#KAT: huduma imekatwa
#RUD: huduma imerudishwa
#FND: anahitaji fundi
#HAM: amehama au anahama
#ANK: anahitaji ankara au risiti irekebishwe
#ZNG: mengineyo

Alama ya # ina kazi. Utafutaji wa Excel hautofautishi herufi kubwa na ndogo, hivyo ukitafuta KAT bila alama utaletewa "asikatiwe", "katikati" na hata "mkataba". Ukitafuta #KAT utapata ulichokitaka. Usitumie nyota (*), alama ya kuuliza (?) wala kiwimbi (~), kwa sababu Excel inazipa maana maalum kwenye utafutaji. Vilevile mstari usianze na =, +, - au @, maana utageuzwa fomula.

### AHD na SBR zisichanganywe kamwe

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kosa hili ndilo lililonifundisha kazi.

Kuna mama mmoja wa Tabata alipiga simu tarehe 28, akasema mshahara umechelewa, atalipa tarehe 5. Aliyepokea akajibu, "Sawa mama, hamna shida," kisha akaandika: "atalipa tar 5". Tarehe 1 orodha ya kukata ikatolewa, naye akawemo, na huduma ikakatwa. Mtoto wake alikuwa katikati ya usaili wa kazi kwa njia ya video.

Alipopiga tena hakufoka. Alisema, "Dada, mimi si niliongea na mwenzako juzi, akaniambia hamna shida?" Sikuwa na jibu, kwa sababu wote wawili walikuwa sahihi. Yeye alisikia kwamba amekubaliwa. Mwenzetu aliandika kwamba ameahidi. Hakuna mahali palipoandikwa kama ofisi imekubali au la.

Kwa hiyo AHD ni neno la mteja, na SBR ni uamuzi wa ofisi. AHD haizuii kukatwa, SBR inazuia. Anayepokea simu lazima aseme kwa sauti kipi kati ya hivyo anakiandika: "Mama, nimeandika ahadi yako, lakini kusubiri mpaka msimamizi akubali. Nitakurudia kabla ya saa kumi jioni." Maneno "hamna shida" tuliyaondoa kabisa kwenye simu za madeni.

SBR iwe na tarehe ya mwisho na jina au cheo cha aliyekubali. Isiyo na tarehe itageuka kuwa huduma ya bure. Sisi tuliweka siku zisizozidi 7, na anayehitaji zaidi anaandikiwa mstari mpya.

### Misimbo mingine kwa haraka

MLP inahitaji mambo matatu: mtandao uliotumika (M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa au benki), namba ya muamala, na jina la mwenye laini iliyotuma. Hapa kwetu mtu hulipiwa na shemeji, na wakala wa mtaani, au na mpangaji mwenzake. Ukitafuta kwa jina la mteja hutaiona hiyo pesa hata siku moja. Namba ya muamala ikopiwe kutoka kwenye ujumbe wa mteja. Isisomwe kwa simu, maana herufi O na tarakimu 0 zinasikika sawa.

ANK ni kwa anayetaka TIN yake (namba ya mlipakodi) ionekane kwenye risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) au jina la kampuni lisahihishwe. TIN yenyewe iingie kwenye kisanduku chake ndani ya programu, si kwenye maelezo.

FND inajieleza, ila mahali anapokaa mteja pasiandikwe kwenye maelezo. Nimeona fundi akiandikiwa "Mbezi, karibu na kanisa", akaenda Mbezi Beach huku mteja akimsubiri Mbezi ya Morogoro Road. Ni nusu siku ya kazi iliyopotea kwenye foleni. Anwani ina kisanduku chake. Iandikwe humo na kituo cha daladala au mwendokasi kilicho jirani.

## Hatua ya 4: Weka umbo moja la mstari

Umbo ninalolipendekeza ni hili:

#MSIMBO MWAKA-MWEZI-SIKU KIASI | nani, njia | maelezo mafupi | herufi za mwandishi

Mstari wa zamani: "mteja kasema mshahara bado tusimkate atatuma tar 5 elf 85"

Mstari mpya: "#SBR 2026-03-05 85000 | mteja, simu | mshahara umechelewa, msimamizi amekubali | NM"

Kila kipande kina sababu yake.

Tarehe. Si ya leo. Tarehe ya leo programu inaiandika yenyewe. Hii ni siku ambayo jambo linatakiwa kutazamwa tena: siku ya ahadi, mwisho wa kusubiri, siku ya kupiga tena. Kwa KAT na RUD weka siku tendo lilipofanyika. Kusiwe na mstari usio na tarehe.

Anza na mwaka. Ukiandika 05/03/2026 wewe unamaanisha tarehe 5 mwezi wa tatu, lakini kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani itasoma tarehe 3 mwezi wa tano. Ukiandika 25/03/2026 itashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, na kuiacha kama maandishi. Hapo nusu ya safu ni tarehe zisizo sahihi na nusu ni maneno, na hakuna filta itakayokusaidia. Mtindo wa 2026-03-05 hauna utata, na hata ukiupanga kama maneno matupu unakaa kwa mfuatano wa siku.

Maneno "kesho", "kesho kutwa", "wiki ijayo" na "mwisho wa mwezi" yasiingie. Atakayesoma kesho kutwa atahesabu kutoka siku yake, si yako.

Saa. Ikibidi kuandika saa, andika 10:00 au 16:30 kwa mtindo wa saa 24, au maneno kamili: saa nne asubuhi. Usiandike "saa 4". Mwandishi amemaanisha saa nne asubuhi ya Kiswahili, kijana aliyesoma shule ya Kiingereza atampigia mteja saa kumi jioni. Nimeona hili likitokea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kiasi. Tarakimu tupu: 85000. Si 85,000/=, si 85k, si elfu 85, si laki kasoro. Mkato unaweza kuvunja safu za CSV zisizofungwa vizuri, na "k" haijumlishiki. Kama hakuna kiasi, andika 0.

Nani, njia. "Mteja, simu" au "mume wa mteja, kaunta" au "mlinzi, simu". Ahadi ya mlinzi si ahadi ya mwenye akaunti.

Herufi za mwandishi. Hata kama programu inaandika jina, ziweke. Ofisi nyingi watu wawili wanatumia akaunti moja ya kuingilia kwenye kompyuta ya kaunta. Hilo nalo lirekebishwe, ila mpaka lirekebishwe, herufi hizi zitakuambia ni nani wa kuulizwa.

Kama programu yako inaruhusu orodha ya kuchagua au maandishi yaliyoandaliwa, ingiza misimbo 11 humo leo. Kama hairuhusu, ichape kwenye karatasi moja na uibandike pembeni ya kila kioo cha kompyuta. Karatasi hiyo iwe na mfano mmoja kwa kila msimbo, kwa sababu watu hukopi mfano kabla ya kusoma kanuni.

### Yasiyoandikwa kamwe

Namba ya siri ya mteja, hata kama ameitaja mwenyewe. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ugonjwa wake au wa ndugu yake. Dini, kabila, ugomvi wa ndoa. Na maneno kama "msumbufu" au "mwongo".

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuomba kuona taarifa zake mnazozihifadhi, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Chukulia kwamba mteja anaweza kuletewa karatasi yenye kila mstari uliomwandika. Kama ameomba muda kwa sababu yuko Muhimbili na mgonjwa, andika "ameomba muda, msimamizi amekubali". Inatosha kabisa kwa kazi ya bili.

## Hatua ya 5: Safisha ya zamani, lakini si yote

Usijaribu kuweka msimbo kwenye mistari ya miaka mitano. Chukua akaunti zilizo hai tu, na mistari ya siku 90 zilizopita. Ahadi ya mwaka juzi haikusaidii kitu leo, nayo imo kwenye nakala asili siku ikihitajika.

Kwanza ondoa uchafu usioonekana. Kama maelezo yako safu B, weka kwenye safu mpya:

=TRIM(CLEAN(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," ")))

Fomula hii inatoa nafasi zilizozidi, herufi zisizochapika, na ile nafasi ya kipekee inayokuja maneno yanapokopiwa kutoka kwenye kurasa za mtandao. Nafasi hiyo inafanana na nafasi ya kawaida, lakini mashine haiihesabu hivyo. Kama kompyuta yako inakataa mikato ndani ya fomula, jaribu nukta-mkato. Ni mpangilio wa eneo tu.

Sasa weka misimbo kwenye safu nyingine kwa kutumia filta ya maneno. Anza na kanushi. Chuja "hajalipa", "hajatuma", "hakulipa", "asikat", "tusimkat", "msikate", uipe mistari hiyo misimbo yake, kisha ifiche. Ndipo uchuje "lipa", "tuma" na "kat" kwenye iliyobaki. Ukianza na "lipa" utawapa waliolipa na ambao hawajalipa msimbo mmoja, na ukianza na "kat" utamwandikia #KAT mtu ambaye msimamizi aliagiza asikatwe.

Tumia ule upande wa kulia wa daftari lako kama orodha ya maneno ya kutafuta, pamoja na makosa yake ya r na l. "Amerudishiwa" na "ameludishiwa" ni mtu yule yule.

Mstari usioeleweka upe #ZNG na uende mbele. Usikisie. Mstari wenye mambo mawili, kwa mfano ahadi na fundi, ugawe kuwa miwili.

Ukimaliza, chukua mistari 50 bila kuchagua, mpe mwenzako asome maneno akiwa haoni msimbo wako, naye aweke wake. Mkitofautiana zaidi ya mara 5, rudini kwenye orodha ya misimbo, kwa sababu kuna miwili inayogongana. Kwetu iliyogongana ilikuwa MLP na PNG: anayesema "mimi nilishalipa hiyo" anatafuta pesa yake au anapinga bili? Tukakubaliana kwamba akitaja muamala ni MLP, asipoutaja ni PNG.

Matokeo yakishakubalika, mistari hii mipya ndiyo inayoingizwa kwenye programu, kama mistari ya nyongeza. Jaribu na akaunti moja kwanza, kisha kumi. Kuna programu ambazo uingizaji kutoka kwenye faili unafuta yaliyokuwepo badala ya kuongeza, na hutaki kuligundua hilo ukiwa na akaunti elfu mbili.

## Hatua ya 6: Tenga vipande ili vichujike

Kwa kuwa umbo la mstari halibadiliki, kila kipande kinakaa mahali pake siku zote. Mstari ukiwa B2:

Msimbo: =MID(B2,2,3)

Tarehe: =IFERROR(DATE(MID(B2,6,4),MID(B2,11,2),MID(B2,14,2)),"KOSA")

Vuta chini mpaka mwisho. Kila palipoandikwa KOSA, kuna aliyesahau nafasi, tarehe, au alama ya #. Chuja neno KOSA kila asubuhi wiki mbili za kwanza, umwonyeshe mwandishi mwenyewe kwa upole, siku hiyo hiyo. Ukisubiri mwisho wa mwezi atakuwa amekosea mara mia moja.

## Hatua ya 7: Filta zinazofanya kazi ya kila siku

Kabla ya kukata mtu yeyote. Hii ndiyo ningekuomba uifanye hata ukiacha nyingine zote. Karatasi ya kwanza iwe na orodha ya wanaotakiwa kukatwa, namba ya akaunti ikiwa safu A. Karatasi ya pili uiite Maelezo: akaunti safu A, mstari safu B, msimbo safu C, tarehe safu D. Kwenye karatasi ya kwanza andika:

=COUNTIFS(Maelezo!A:A,A2,Maelezo!C:C,"SBR",Maelezo!D:D,">="&TODAY())

Jibu likiwa 0, hana ruhusa ya kusubiri. Likiwa 1 au zaidi, asikatwe. Rudia fomula hiyo ukibadilisha SBR kuwa MLP, ili anayefuatiliwa pesa yake naye asikatwe kabla hajajibiwa. Ikibidi kumkata mtu kabla SBR yake haijaisha, msimamizi akate mwenyewe na aandike #KAT kwa herufi zake.

Angalia kitu kimoja: COUNTIFS inaichukulia 00123 na 123 kuwa namba moja hata kama zimehifadhiwa kama maandishi. Kama akaunti zenu zinaanza na sifuri, ongeza herufi mbele, kwa mfano D00123, kwenye karatasi zote mbili.

Ahadi za leo. Msimbo AHD, tarehe ya leo. Wapigiwe mchana baada ya chakula, kabla hawajaingia kwenye foleni ya jioni. Ujumbe mfupi wa ukumbusho asubuhi unasaidia zaidi kuliko simu kali ya usiku.

Ahadi zilizopita. AHD yenye tarehe ya nyuma, na akaunti bado ina deni. Mteja mwenye ahadi tatu zilizopita ni mazungumzo ya msimamizi, si ya kaunta.

Pesa isiyoonekana. MLP zote zilizofika tarehe yake. Panga kwa kiasi, kubwa juu. Kila moja iishie na mstari mpya: imepatikana, au mteja ameombwa ujumbe wa muamala.

Hapatikani mara tatu. Hesabu HPT kwa kila akaunti kwa siku 30. Zikifika 3, acheni kupiga namba ile ile. Tafuta namba ya pili kwenye fomu ya kujiunga, au mwombe fundi anayepita mtaa huo agonge hodi. Wengi wa hawa wamebadilisha laini tu.

Siku ya kwanza jaribu filta ya kukata kwa akaunti tano ambazo unajua majibu yake: mbili zenye SBR hai, moja ambayo SBR yake imekwisha jana, moja yenye AHD tu, na moja isiyo na chochote. Unatakiwa upate 1, 1, 0, 0, 0. Ukipata tofauti, usikate mtu siku hiyo.

## Hatua ya 8: Ijumaa mchana

Tenga nusu saa. Chukua mistari 20 ya wiki, isomeni pamoja mkiwa na chai. Kisha fungua #ZNG zote. Kama kuna jambo limejirudia mara kumi, labda ni kukatika kwa umeme kwenye mnara fulani au ofa mpya watu hawaielewi, lipe msimbo wake Jumatatu na uliongeze kwenye karatasi iliyobandikwa. Msimbo ambao haujatumika miezi mitatu uondoe kwenye karatasi, ila usiupe maana nyingine, kwa sababu mistari ya zamani bado inao.

Mfanyakazi mpya akija, msomeshe simu kumi za mfano na aandike mistari yake kwenye karatasi kabla hajapewa kompyuta. Swali la kumpima ni lile la mama wa Tabata: mteja anaomba mpaka tarehe 5, msimamizi hayupo. Anayeandika #AHD na kumwambia mteja wazi kwamba bado hajakubaliwa, mpe kiti cha kaunta.

Tarehe 1 ifuatayo, kabla orodha ya kukata haijaenda kwa fundi wa mtambo, kaa na huyo mfanyakazi mpya mpitie safu ya COUNTIFS jina kwa jina.